Saa Sita na Saa Kumi na Mbili

Ulianza kama nyuki mmoja ndani ya debe,
tukitoka Himo, mshale ukigusa themanini.
Nikamwambia Aminiel, sikia.
Akaongeza redio.

Wiki nzima akaongeza redio.
Taarifa ya habari, kwaya, matangazo ya mbolea,
na chini yake yule nyuki akawa mzinga:
tukikata kulia unanyamaza,
tukikata kushoto unavuma.

Jumamosi nikachukua funguo mwenyewe.
Noah hii ilizaliwa Japani,
ikalelewa na watu nisiowajua hata majina;
kwetu imefika ukubwani, na tabia zake.
Huwezi kumuuliza mgeni wa hivyo
magoti yalianza lini kuuma.

Gereji ya Pasua, ubavuni mwa mashine ya kusaga,
unga umetua juu ya oili, oili juu ya unga.
Fundi Mchomvu akapiga jeki, akaniita:
Mama Nakiete, usikae kwenye benchi. Njoo ushike.
Mkono mmoja saa sita, mwingine saa kumi na mbili.
Sukuma. Vuta.

Tairi likacheza mikononi mwangu
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Beringi ikatoka na grisi iliyogeuka tope.
Padi za breki, nyembamba kuliko kucha.
Diski imechimbika mifereji,
utadhani tunapitishia maji ya migomba.
Mnashukaje kutoka Kibosho? akauliza.

Sikujibu.
Nilimwona Aminiel, mguu juu ya breki
tangu kanisani mpaka lami ya chini,
watoto wanne nyuma, bibi yao, mikungu miwili ya ndizi,
na ile harufu ambayo mimi mwenyewe nilisema
kuna mtu anachoma mpira shambani.

Mlima unashukwa kwa gia, akasema Mchomvu.
Breki ni ya kusimamia,
si ya kuegemea.

Akaweka grisi kiganjani, beringi mpya juu yake,
akaikandamiza, akaizungusha, akaikandamiza tena,
taratibu, kama anayempaka mafuta mtoto aliyetoka kuoga.
Sikujua mikono ile inaweza kwenda polepole.

Elfu tisini na tano, baada ya kupatana sana.
Ilikuwa hela ya sweta za shule.
Julai watavaa za mwaka jana, mikono ikiishia kwenye viwiko,
nao watanuna, na wanune.

Jioni Aminiel akaendesha hadi sokoni na kurudi.
Mkono wake ukaenda redioni,
ukasita,
ukarudi kwenye usukani.
Hakusema kitu. Mimi pia sikusema.

Beringi ya zamani iko dirishani jikoni.
Mdogo huivisha kidoleni, huizungusha, inakwaruza.
Mama, hii ni takataka, mbona huitupi?

Jumapili tunapanda tena Kibosho.
Na kushuka.
Funguo ziko kwangu.