Megabaiti Nne

Ghala la korosho la Nanyamba
lilikuwa na megabaiti mia tatu na kumi.
Barua pepe ya mkoani ililikataa,
printa ya steshenari ikakohoa, ikazima.

Nikalibana.
Nikalibana tena, kama kanga za msiba begini.
Kuta zikabaki. Nguzo zikabaki.
Megabaiti nne: likapita.

Karatasi ikatoka ingali na joto.
Somoe Nandonde, aliyetoa kiwanja,
akaweka kidole kaskazini, penye weupe:
"Na kaburi la mama?"

Nililichora. Mstari mwembamba kuliko yote,
sufuri nukta sufuri tisa;
mbano umeumeza.

Sijabana tena.
Flashi iko mfuko wa shati,
nimepanda bodaboda kwenda Mtwara,
mchoro mzima, na uzito wake.