Kwa Pamoja na Kila Mmoja

Hukumu ililetwa na tarishi mwenye kofia ya pikipiki.
Akaomba sahihi, akaomba radhi, akaondoka.
Nilikuwa nimetoka kubambua chaza, mikono ingali inanuka chumvi;
nikaifungua bahasha kwa kisu kilekile.

Kurasa arobaini na moja.
Mume wangu, Tak Deok-su, ni wa tano,
kati ya Bong Hak-rae, aliyefariki mwezi wa tatu,
na Seonu Gil, ambaye hata ndevu bado.
Saba kwa jumla. Chama chao ni cha nane.

Walikaa siku kumi na tisa juu ya lango la gati kavu,
meli ikashindwa kushuka majini.
Sikatai. Uji wa maboga niliwapandishia mwenyewe
kwa kamba na ndoo.
Walitaka theluthi ya mshahara iliyokatwa meli zilipokosa wanunuzi
irudi, kwa kuwa sasa zinanunuliwa.

Jaji anasema mgomo haukuwa halali.
Anasema waliyemgomea si mwajiri wao.
Mwajiri wao ni bwana mmoja mwenye ofisi ndani ya kontena,
hana meli, hana gati, hana hata winchi,
ana muhuri.
Kofia ya Deok-su ina nembo ya kampuni kubwa,
lakini kofia, kumbe, si ushahidi.

Hasara imepangwa kwa safu:
siku za kuchelewa, kodi ya kreni, riba,
umeme wa taa zilizowashwa usiku kucha,
zile walizomulikwa nazo machoni wasilale.

Jumla, won bilioni nne na milioni mia saba.
Nikachukua penseli.
Kilo moja ya chaza, won elfu tatu.
Kilo thelathini kwa siku, siku mia mbili kwa msimu.
Miaka mia mbili sitini na moja,
bila kula.

Dawa ya deni kulipa, husemwa.
Aliyesema alikuwa na deni la unga.

Basi tugawe kwa saba, nikamwambia wakili.
Bi Hyeon akaweka kidole kwenye mstari mmoja:
*kwa pamoja na kila mmoja.*
Maana yake kila mmoja anadaiwa yote.
Akikimbia mmoja, waliobaki wanadaiwa yote.
Akifa?
Yote.

Miaka kumi chama kimetuhubiria kwa kipaza sauti
kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.
Mahakama ilikuwa inasikiliza.
Sasa kila kidole kinabebeshwa mkono mzima.

Mjane wa Hak-rae ameukataa urithi:
nyumba, baiskeli, deni.
Gil ameletewa karatasi, ajitoe chamani afutwe kwenye kesi,
naye ametia sahihi.
Mama yake alikuja usiku na mapeasi sita,
akakataa kuketi.
Jina lilifutwa. Deni halikupungua hata won moja.

Nusu ya mshahara wa Deok-su hukamatwa kabla haujafika.
Usiku anasoma ukurasa wa tisa, tena na tena,
kama atakuta wamekosea kujumlisha.

Meli yenyewe iliondoka Agosti.
Tulisimama nyuma ya seng'enge, ikapita polepole,
ndefu kama mtaa wetu.
Akanionyesha mshono karibu na nanga,
mstari mwembamba chini ya rangi,
mimi sikuuona.
"Ule," akasema. "Ule hauvuji."