Kiwanja cha Kumi na Tatu

Gemu ilikuja na viwanja kumi na viwili.
Hekalu kwenye theluji, meli ya chuma, soko la mji nisioujua,
ngome, volkano, na vingine vya kujazia.
Kumi na viwili tu, vimekwisha gawanywa,
kama Kayole.

Miaka saba watoto walipigania humo chumbani mwangu,
shilingi kumi pambano, aliyeshindwa ampishe mwenzake,
na hakuna aliyeuliza
kwa nini mtu wa huku akapigwe teke kwenye theluji.

Kwamboka ndiye aliyeuliza.
Kwamboka, mwenye kompyuta iliyopasuka kioo
na kitufe cha herufi A kilichong'oka,
hivyo kila A aliibonyeza kwa njiti ya kiberiti.
Hebu fikiria Kiswahili bila A.
Hebu fikiria miezi mitano.

Alizifungua faili za gemu kama fundi afunguavyo saa,
akakuta ndani orodha, na mwisho wa orodha ukuta:
kumi na mbili, hapiti mtu.
Hakuubomoa. Alitoboa tundu
akapachika kiprogramu chake, kidogo, kisicho na sura:
dirisha la kijivu, vibonyezo vitatu.
Leta picha. Pima sakafu. Weka.
Akakiita Hatimiliki.
Nilicheka hadi nikamwaga chai.

Mwanzoni kila kitu kilikataa.
Picha isiyogawanyika kwa kumi na sita ilizima mashine nzima.
Siku moja sakafu ilikuwa juu mno, wapiganaji wakazikwa hadi kiunoni,
wakaendelea kurushiana ngumi kama watu wanaopalilia.
Siku nyingine hapakuwa na sakafu kabisa:
walianguka, wakaanguka,
stima ikapotea wakiwa bado wanaanguka.

Kisha Jumamosi akaniambia, mzee, teua cha mwisho.

Uwanja wetu.
Ule udongo mweusi unaopasuka Januari.
Goli la upande wa mto, mwamba wake umepinda
pale Gitonga aliponing'inia akishangilia bao la kuotea.
Nguo za Mama Moraa kwenye waya, shuka la maua katikati.
Korongo mwenye upara juu ya jaa
anainua mguu, anautua, anauinua,
kila sekunde nne, hachoki.
Na nyuma kabisa, tabaka la mwisho,
linalosogea polepole kuliko yote,
Kilimambogo ya asubuhi isiyo na moshi.

Hakuweka mabati
yaliyoota wiki moja ya Desemba tukiwa ushago,
wala ghorofa sita zilizoota ndani ya mabati.

Makokha aliingia saa kumi na moja jioni, kabla ya zamu.
Zamani alikuwa mlinda lango wetu,
aliwahi kuokoa penalti kwa paji la uso.
Sasa ana sweta ya kampuni, rungu kiunoni,
na geti analolilinda ni la ghorofa zile zile,
hatua tisa, amezihesabu, kutoka palipokuwa goli.
Mlinda lango kaishia kulinda lango.
Niliwahi kumwambia hivyo. Sikurudia.

Akalipa. Akateua kumi na tatu.
Kengele ikalia, kijana wa upande wa pili akamrukia,
na Makokha akaanza kumrudisha mtu wake kinyumenyume,
akila mateke, kinyumenyume,
hadi ukingo wa picha,
akamsimamisha katikati ya milingoti.
Hapo akakinga. Juu. Chini. Juu.
Hakurusha ngumi hata moja.
Sekunde tisini na tisa,
na watoto, ambao hupiga kelele hata wakila,
walisikika wakipumua.

Gemu ikaandika kwamba ameshindwa.
Akaweka shilingi kumi nyingine mezani
akamuuliza Kwamboka, bila kumtazama,
kama kile kidude chake kinaweza kuongeza wavu.
Lakini hatukuwahi kuwa na wavu, Kwamboka akasema.
Najua, alisema Makokha.
Najua.