Viti Kumi na Kimoja

Akidi imetimia: tumo tisa, na mbwa wa Torvald.
Kikao kimefunguliwa saa kumi na mbili jioni
katika mkahawa wa uwanja wa ndege wa Granliden,
kwa kuwa ukumbi wa halmashauri una baridi kuliko nje,
na kwa kuwa Sigbritt alitaka tukutane hapa,
tukitazame kile tunachokililia.

Mimi ndimi katibu. Nauza matairi.
Naandika ninayoyasikia,
na mengine naandika kabla hayajasemwa.

Barua ya shirika ilisomwa na mweka hazina.
Fupi, yenye adabu, kama mtu anayevua viatu mlangoni
kisha anaingia kukufukuza nyumbani kwako.
Ndege ya Jumatatu asubuhi huruka na abiria wanane.
Viti ni thelathini na vitatu.
Ifikapo Aprili, kama hesabu haikupanda,
ndege haitapanda.

Torvald wa kiwanda cha mbao alisema barabara ipo.
Mwendo wa saa tano tu hadi pwani, ukiwakwepa kulungu.
Kisha akasema fundi wa msumeno wake hutoka Ujerumani,
na msumeno ukifa Jumatatu, fundi akaja Alhamisi,
yeye hulipa watu ishirini wakae wakitazama magogo.
Hapo akanyamaza, akaangalia kikombe.
Alikuwa ameshajijibu.

Wahenga husema: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakusema nani alipe nauli.

Ndipo Gunvor, mwoka mikate, akatoa hoja:
tununue viti.
Si kusafiri. Kununua.
Kila Jumatatu, vilipiwe mapema,
akae mtu, asikae mtu.

Walicheka. Yngve hakucheka,
yeye anayekwangua theluji njia ya kurukia
tangu saa tisa usiku, peke yake na taa zake,
ili watu wanane wapate kuondoka.

Imeandikwa basi kwamba:
mbao, viti vitatu;
hoteli, viwili, ingawa vyumba vyake vimefungwa tangu Novemba;
daktari wa meno, kimoja;
Sigbritt wa majeneza, viwili
(«Watoto wa marehemu nao hurudi,» alisema, «wakipata usafiri»);
matairi, kimoja, baada ya kumpigia mke wangu simu;
Gunvor, viwili.

Gunvor hajawahi kupanda ndege.
Nilimuuliza, nje ya kumbukumbu,
analipia nini hasa, hewa?
Alikuwa akikung'uta unga kwenye mkono wa koti.
«Ukate mkate wangu,» alisema, «utaona matundu.
Miaka thelathini nawauzia matundu hayo.
Mkate usio nayo hauliki.»

Machi nilikwenda kuonana na mwagizaji wangu.
Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe,
nikiwa nimefungwa mkanda katikati ya majirani wasiokuwapo:
hapa meno, pale mbao,
nyuma yangu Sigbritt mara mbili.
Mhudumu alipita na kahawa, akawaruka mmoja mmoja.
Sijapata kuwapenda watu wa mji wangu
kama nilivyowapenda asubuhi ile, hawapo.

Nilirudi jioni, upepo wa ubavuni, ndege ikichechemea.
Safu ya saba, kiti cha dirishani, kimoja kati ya vile vya Gunvor,
mwanamke nisiyemjua alikuwa amelala mdomo wazi,
miguuni buti za theluji,
lebo ya bei bado inaning'inia kwenye zipu.
Chini, katika giza lote lile,
taa za Yngve zilijipanga safu mbili.

Sikumwamsha. Sikumuuliza.

Mengineyo: hakuna.
Hesabu ya Aprili bado haijajulikana.
Kikao kilifungwa saa mbili kasorobo,
mbwa akiwa amelala.