Uzi wa Kijani

Kishingo nimemwita kwa shingo yake tupu
kama ya mtoto aliyetoka kunyolewa,
na ni upara huo ulionionyesha:
gole limesimama chini ya koo
kama limau ndani ya soksi.

Kuku mzima huamka na gole tupu.
Lake liliamka limejaa jana.

Nikalibonyeza. Gumu.
Nikamnusa mdomo: tui lililolala.

Msellem akaegemea mabati yetu ya mpaka.
"Mchinje leo ungali na kuku.
Kesho utakuwa na kibudu."
Kisu chake kikali, roho yake si mbaya.
Nikamwambia, nipe mpaka Ijumaa.

Nikamfunga kanga iliyobakiwa na nusu ya maneno yake,
mabawa ndani, kichwa nje, hasira nje.
Mafuta ya nazi, matone matano.
Maji vuguvugu, kwa lile bomba lisilo na sindano
lililobaki kwenye droo ya mama,
lililokuwa la uji wake, mwishoni.
Sikulitupa. Sikujua namwekea nani.

Kisha kusugua. Dole gumba, polepole,
kama mtoto anavyolainisha embe
kabla ya kulitoboa alifyonze.
Usiku stima zikapotea Mtopanga nzima,
nikaendelea gizani.
Chakula marufuku. Alinitazama kwa jicho moja,
kisha, asije akanidhulumu, kwa la pili.

Alhamisi akatikisa kichwa, akakohoa,
na pembeni mwa mdomo ikachungulia ncha.
Kijani.

Nikavuta kama navuta uzi kwenye hariri ya mtu.
Ukaja. Ukazidi kuja, unateleza kwa mafuta,
pumba na majani yamejisuka humo,
mrefu kupita mkono wangu.

Nikaujua.
Ni wa joho la Bi Mwanakombo, la harusi ya mwanawe.
Miaka ishirini nakata uzi kwa meno
na kuutema uani.

Mchana akanya. Mara ya kwanza maji matupu.
Mara ya pili, lenye umbo.
Nikamwita Msellem, akaja na kisu chake,
akainama, akalitazama kwa heshima.
"Hongera," akasema, "umejifungua salama."

Sasa pana kopo la maziwa kando ya cherehani,
natemea humo.
Kishingo keshasahau yote. Hushinda kizingitini,
ananihesabia mishono,
na jana, Mungu anisamehe,
nimemkuta na kifungo.