Volti Moja na Nusu

Netta Geddes wa ghorofa ya chini kaniletea kamera
ndani ya soksi ya sufu. Soksi ya Alec.
"Imekufa," akasema, kama asemavyo mtu
ambaye neno hilo limeshamkaa mdomoni.
Nikaipokea. Nzito, baridi kama nondo
iliyolala nje usiku wa Januari, hapa Dundee.

Mimi kutwa niko chini ya mabasi:
volti ishirini na nne, nyaya nene kama kidole,
hitilafu zenye adabu zao, zinanuka, zinafuka moshi,
zinakuita zenyewe.
Hii ni volti moja na nusu tu
na imenikalisha jikoni hadi saa sita.

Kifuniko cha betri kiligoma. Nikatafuta sarafu,
peni mbili, ikaingia mferejini,
ikazunguka kwa mlio wa mchanga kati ya meno.

Na humo ndani, kutu ya kijani,
unga mweupe kama chumvi ya jasho kwenye kola.
Betri ilikuwa ikilia polepole kabatini,
miaka mingapi sijui, na hakuna aliyeisikia.
Kikulacho ki nguoni mwako:
iliyoilisha ndiyo iliyoila.

Siki ya chipsi. Kijiti cha meno, pamba kidogo nchani.
Tone moja, povu, futa, tone jingine.
Kisha raba ya binti yangu, yenye umbo la sungura;
nilisugua hadi sungura akapoteza sikio,
hadi shaba ikachungulia, kwa aibu.

Betri mpya. Jicho kitunduni.
Sindano ya mwanga haikutikisika.

Nikatoa mita. Betri, nzima. Waya mweusi, mzima.
Nikagusa huku na kule, ncha nyekundu, ncha nyeusi,
nikiusikilizia ule mlio wa njia iliyo wazi.
Kimya.
Kimya.
Nikasogea unene wa punje ya mchele:
tiii!
Halafu kimya tena.
Hiyo ndiyo mbaya kupita zote, ya mara ipo mara haipo.
Kilichokatika hukiri. Hiki kinatoa ahadi.

Ni springi. Imechoka, imelala chali,
haiifikii betri, imepungukiwa na kitu kama ukucha.
Nikakunja karatasi ya fedha ya chokoleti, mara nne,
nikaichomeka chini yake,
na sindano ikaruka
kama mtoto aliyeitwa jina lake darasani.
Nikaiweka kamera mezani: ikazimia.
Nikakibonyeza kifuniko kwa dole gumba: ikaamka.
Nikaachia.

Nikakunja mara tano. Mara sita, kifuniko kikakataa kufunga.
Nikaenda kulala na harufu ya siki mikononi.

Jumamosi nilimshushia Netta kamera yake, na soksi.
Nikamwambia ukweli: haijapona,
ila ukiishika inasikia. Hapa. Bonyeza, usiachie.
Alicheka. Huyu alisuka juti kiwandani tangu ana miaka kumi na tano,
mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, Muheza;
uzi unaokaribia kukatika
sisi tunaujua kwa vidole.

Kihesabio kinasema ishirini na tatu.
Filamu ya Alec bado imo. Picha ishirini na tatu za nini,
hakuniambia, nami sikuuliza.

Alinisimamisha dirishani. Nyuma yangu
mto Tay ulikuwa na rangi ya bati kuukuu.
Nikasema, mwanga uko mgongoni mwangu, Netta,
nitatoka kivuli tu.
"Kaa hivyo hivyo."
Akafumba jicho moja. "Imesimama," akasema,
akimaanisha sindano.

Shata ikalia. Akaishusha kamera kifuani,
akaanza kunisimulia habari za bei ya gesi,
na dole gumba lake likabaki palepale,
limekuwa jeupe kwa kubonyeza.