Bakuli la Ishirini na Tatu

Mimi ni mpishi tu, sihubiri.
Kazi yangu kuhesabu mabakuli:
ishirini na mawili, mchuzi wa kondoo, tambi nene,
chai ya maziwa yenye chumvi,
na sala fupi, maana mchuzi hapa Ulaanbaatar
haumngoji mtu amalize kumsifu Mungu.

Usiku Gantulga hutoka na kurunzi na kulabu,
huinua vifuniko vya chuma barabarani, kimoja kimoja,
na mvuke humpanda usoni kama pumzi ya ng'ombe.
Huko chini hupita mabomba ya maji ya moto
yanayopasha nyumba za wenye nyumba.
Huko chini ndiko watoto hulala,
ubavu mmoja ukiungua, wa pili ukiganda.

Usiku ule, nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri,
alirudi na mmoja tu,
kamfunika koti lake mwenyewe,
naye meno yanagongana.
Tulimwosha mtoto maji matatu.
Ya nne ndiyo yaliyotuonyesha rangi yake.
"Jina lako nani?" akauliza Bi Solongo, kalamu juu ya fomu.
"Nergui."
Kalamu ikasita.

Kwetu, mama aliyezika wawili
wa tatu humwita Nergui, yaani Hana Jina,
ili pepo wabaya wakipita na orodha yao
wasimkute, waende zao.
Hila nzuri ya kinamama.
Pepo walipita.
Akapita na shangazi, akapita na mwalimu,
akapita na karani wa mtaa, muhuri mfukoni.
Kinga ile ilikuwa kali mno.

Kitanda alikikataa. Godoro jipya, shuka la buluu,
akavitazama kama mtu anayetazama deni.
Asubuhi nilimkuta jikoni, sakafuni,
mgongo umegandamana na bomba.
Bi Solongo akasema kanuni ni kanuni.
Nikasema jiko ni langu.
Nikamtandikia pale pale,
kati ya gunia la viazi na kasha la kandambili
walizotutumia wafadhili, Mungu awabariki,
mwezi wa Januari.

Jumapili mchungaji akasali:
Ee Bwana, uwaitaye watoto wote kwa majina yao.
Nergui akanivuta aproni.
"Sasa mimi ananiitaje?"
Mwiko mkononi, jibu sina.
Nikamwambia, "Kula."
Hadi leo neno lile linanichoma.

Mei, barafu ya mto Tuul ilipopasuka, akatoweka.
Kulabu ya Gantulga ikatoweka naye.
"Mwizi," akasema Bi Solongo, bila hasira,
akalikata daftarini jina lile lisilo jina,
lakini mstari, nilimwona, aliupitisha mwembamba,
wa kufutika.
Nami nikaendelea kupakua mabakuli ishirini na matatu.
La mwisho lilipoa kila siku. Nilimpa mbwa wa mlinzi.
Akanenepa mbwa yule, akawa kama mchungaji wa mjini.

Desemba, Gantulga kifua kilimbana,
usiku hakuna aliyetoka.
Saa nane mlango ukagongwa kwa chuma.
Nikafungua: moshi wa makaa, giza,
na Nergui, amerefuka,
kulabu begani kama mkulima atokaye shambani.
Nyuma yake wasichana wawili, wameshikana
hata hukujua mkono upi ni wa nani.

"Shimo la tano, nyuma ya soko," akasema. "Hawajala."
Akapangusa kamasi kwa kiganja.
"Mkubwa ni Altantuya. Mdogo hasemi,
ila dada yake humwita Zul.
Waandikeni vizuri."

"Na wewe?"
Hakujibu. Alitazama jikoni,
kule kwenye bomba, godoro lingali pale,
maana nani angelihamisha, jiko si langu?

Nikapakua ishirini na matano.
Mbwa alianza kukonda usiku ule ule.